Maskati hadi Mbeya kwa Hesabu ya Selemani

Usiku wa kuamkia Ijumaa Jaha hakulala. Alikaa jikoni kwenye kiti cha plastiki, shali mbili mabegani na simu gotini, akingoja neno moja tu kutoka kwa binti yake: nimefika. Amefika wapi, hilo lingejulikana baadaye. Nusrat alikuwa ametuma ujumbe saa mbili usiku kwamba anaingia uwanja wa ndege wa Maskati na simu itazimika. Tangu hapo, kimya. Baridi ya Juni ilikuwa imeingia mtaa wa Ilomba, Mbeya, bila kubisha, na Jaha kila akiishika ile simu aliiona imepoa kama jiwe la mtoni.

Mumewe hakuwa na wasiwasi wowote. Saa saba usiku Selemani alivaa suti, akajipulizia manukato, akaazima gari la rafiki yake kwenda uwanja wa Songwe kumpokea mtoto.

"Baba Nusrat, hakuna ndege usiku huu," Jaha alimwambia.

"Ndege inaondoka Maskati saa nne," alijibu akifunga tai. "Kilomita elfu nne na mia tano. Saa tano na dakika ishirini. Wenzetu wametutangulia saa moja, kwa hiyo unaipunguza. Saa nane na dakika ishirini mtoto anakanyaga Mbeya. Mimi sitaki anikute njiani."

Alirudi wakati muadhini akiadhini alfajiri. Suti ilikuwa na umande, viatu vina tope. Akanywa kwanza chai nusu kikombe.

"Umefungwa," alisema.

"Nini?"

"Uwanja. Mlinzi ananiambia, 'Mzee, saa hizi hapa hutua popo tu.' Kijana hana adabu kabisa."

"Na ndege?"

"Ndege imekutana na upepo wa mbele. Jambo la kawaida. Ongeza saa moja."

Sasa, ili mtu asije akadhani Selemani ni mwendawazimu, ni vizuri ajulikane. Selemani aliuza misumari, mabati na rangi katika duka lake pale Ilomba, na aliuza vizuri. Hakupata kupanda ndege hata siku moja. Ndege aliyoikaribia kuliko zote ilikuwa ile aliyoiangalia kwenye ua wa seng'enge pale Songwe, akaipiga picha, akaiweka kwenye simu badala ya picha ya mkewe. Lakini miaka miwili iliyopita mtu alimwekea kwenye simu programu fulani: unaandika mji huu, unaandika mji ule, inakupa kilomita na saa za kuruka. Tangu siku hiyo mume wa Jaha aliota mabawa.

Mteja akija kutafuta kitasa, aliondoka na kitasa pamoja na umbali wa Jakarta. Fundi bomba alishaambiwa Toronto ni saa ngapi za kuruka, akaulizwa anafikiriaje. Selemani alipima mpaka Maskati na Chunya, Chunya kule kwenye vumbi na wachimba dhahabu, na programu ile haikuona haya; ilimpa saa na dakika zake bila kuuliza ndege itatua juu ya nini. Hapo ndipo Jaha alipoanza kuitilia mashaka. Mtu akikujibu kila swali bila kukuuliza hata moja, mchunge.

Jirani yao Damari, mama wa Kinyakyusa aliyelima viazi mlimani na kuviteremsha sokoni, aliwahi kuambiwa kwamba Mbeya hadi Iringa kwa ndege ni dakika ishirini.

"Na gunia langu linapanda?" Damari aliuliza.

"Mizigo hulipiwa."

"Basi mimi na gunia tutaendelea kukaa chini, Baba Nusrat. Wewe ukifika utusalimie."

Mpaka hapo ilikuwa ni kucheka tu, na Jaha alicheka pamoja na wengine. Hatari ilianza siku Selemani alipoichukua programu yake akaenda nayo kwenye ndoa ya binti yake.

Nusrat alikuwa na miaka ishirini na saba, minne kati ya hiyo ameiishi Maskati akifanya kazi kwenye kliniki ya meno. Mwezi wa nne alikuja mshenga kutoka Iringa kumposea Farhan, kijana wa magodoro na mazulia, mtu wa swala, hana makuu. Nusrat aliongea naye kwa simu mara kadhaa. Halafu akamwambia mama yake, kwa sauti ile ile ya utotoni alipokuwa akikataa uji wa moto lakini hakatai uji: "Mama, simkatai. Lakini sijamkubali. Nitakuja, nitakaa naye mbele yenu, nimwone anavyomjibu mtu akiudhiwa. Halafu nitajibu mwenyewe. Nisijibiwe na mtu."

Jaha alilipeleka neno hilo kwa Selemani kama lilivyo. Selemani akasikia sehemu ya kwanza, kwamba hakukataa, na siku ile ile akawapa watu wa Iringa tarehe. Ijumaa baada ya swala ya alasiri, nikaha. Bibi harusi ataingia usiku wa kuamkia Ijumaa, atalala, ataoga, atapakwa hina, ataongea na kijana robo saa, ataolewa. Selemani alikuwa ametenga mpaka dakika kumi za dharura.

Tatizo ni kwamba Nusrat alituma picha ya tiketi. Jaha aliishia darasa la saba, na Kiingereza cha tiketi hakikuwa chake, lakini kuhesabu mistari hakuhitaji chuo. Aliiweka simu kwenye mwanga wa dirisha akafuata kwa kidole. Mistari ilikuwa mitatu. Maskati mpaka Adisi Ababa. Adisi Ababa mpaka Dar. Dar mpaka Mbeya, na huu wa mwisho ulikuwa na tarehe yake ya peke yake, ya Jumamosi.

"Ndege tatu hizi," alimwambia mumewe. "Na ya mwisho ni Jumamosi."

"Hayo ni makaratasi ya kampuni. Maskati na Mbeya haziwezi kusogeleana wala kukimbiana. Umbali ni umbali."

"Mimi nilibadilisha basi Makambako nikiwa nimembeba huyo Nusrat mgongoni," Jaha alisema. "Kutoka pale mpaka hapa si mbali. Tulilala stendi, upepo unatuchapa mpaka asubuhi, kwa sababu basi la pili halikuja. Hukulihesabu hilo."

"Basi ni basi, ndege ni ndege. Mama Nusrat, usilinganishe."

Ndiyo maana usiku ule Jaha alikaa jikoni. Hakuwa akimngoja mtoto mlangoni, alijua haji. Alikuwa akingoja asikie kwamba ule mstari wa kwanza umepita salama, na wa pili. Mwenzake aliyekwenda Songwe na manukato ndiye aliyekuwa akingoja mtu.

Kulipokucha Damari aliingia kwa mlango wa uani na kisu chake cha kumenyea viazi.

"Ugonile, ndugu yangu. Bibi harusi ameamka?"

"Bado hajafika."

Damari akamtazama, akaitazama sufuria ya pilau yenye ukubwa wa beseni la kufulia, akaitazama tena. "Na hawa wa Iringa?"

"Wametoka saa kumi na moja alfajiri."

"Haya," Damari akasema, akavuta kigoda. "Tumenye. Kazi ya kiazi haina uongo."

Wageni walifika saa sita mchana wamejaa kwenye Koasta ya kukodi, saa saba nzima za njiani, na kila mmoja ana hadithi yake: malori ya Mafinga, trafiki wa tochi ya kupimia mwendo aliyejificha nyuma ya kichaka, mtoto aliyetapika Igawa. Wakashusha mazulia mawili, doti za khanga, na matenga mawili ya nyanya za Ilula, kwa sababu mtu wa Iringa hata akienda kuoa mbinguni atabeba nyanya. Farhan alishuka wa mwisho, kanzu imekunjamana, akamwamkia Jaha kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Poleni na safari."

"Tumeshapoa. Mama, Nusrat amefika salama? Nampigia tangu jana haipatikani."

Jaha akafungua mdomo, akaona mumewe anamkodolea macho kutoka kizingitini. "Mwenyezi Mungu atamfikisha salama," alisema, na hilo hakuna wa kulipinga.

Wanaume wakaondoka kwenda swala ya Ijumaa. Yaliyotokea msikitini Jaha aliyasikia baadaye, na aliyapata kwa watu wawili tofauti, kwa hiyo ni kweli. Wakiwa wanavaa viatu, mjomba wa Farhan, mzee mrefu mwenye ulimi kama wembe wa kinyozi, alimgeukia Selemani mbele ya watu.

"Mkwe, sisi tumekuja na nyanya, na hakuna iliyopasuka. Huyu wa ndege yuko wapi? Au Maskati imesogea nyuma?"

Watu wakacheka. Na Selemani, aliyeahidi kwa dakika, Selemani wa Toronto na Jakarta, hakuweza kulimeza hilo. "Amefika alfajiri," alijibu. "Amelala. Mtu akiruka kilomita elfu nne na mia tano huchoka."

Wakati huo huo nyumbani simu ya Jaha ilitetema ndani ya mkunjo wa khanga. Aliisoma akitembeza kidole, midomo ikitaja kila neno: Mama nimefika Dar, mzima kabisa. Ndege ya Mbeya kesho asubuhi saa mbili kama ilivyo kwenye tiketi. Nitalala kwa shangazi Kariakoo. Nilimwambia baba mara tatu. Usikubali wanijibie.

Akakaa chini kwenye maganda ya viazi akalia, kwa kushukuru. Damari alimwacha alie kidogo, halafu akamwambia, "Inuka, wali utashika chini."

Selemani aliporudi, Jaha alimvuta stoo, katikati ya magunia, akampa simu asome. Alisoma. Uso ulimpauka, halafu rangi ikamrudi, na mkono ukaenda wenyewe mfukoni kutoa simu yake.

"Dar na Mbeya," alinong'ona akiandika. "Kilomita mia sita na sabini. Dakika hamsini! Akitoka sasa hivi, saa tisa yuko hapa."

"Atoke na nini?"

"Si ndege ipo?"

"Ipo kesho, Baba Nusrat. Programu yako inajua njia ya tai. Mtoto wetu anangoja ile yenye viti."

Akashusha mkono. Kwa mara ya kwanza tangu jana alionekana mzee, na Jaha angemwonea huruma kama angenyamaza hapo. Hakunyamaza.

"Nimeshawaambia amefika."

"Nani kakutuma?"

"Sikiliza. Chumba chake kimefungwa, hakuna aliyeingia. Wewe unakaa mlangoni, unasema anaona haya. Sheikh anakuja na mashahidi wake, anauliza kwa nje kama ilivyo desturi. Msichana ambaye hajaolewa akinyamaza, kunyamaza kwake ndiyo ridhaa. Hakuna atakayesema uongo. Hakuna atakayesema chochote! Kesho saa tatu mtoto anaingia, anakuta mambo yamekwisha."

Jaha alimtazama mtu huyu aliyezaa naye, aliyelala naye miaka thelathini kasoro mmoja, akaona kwamba hesabu yake safari hii ilikuwa sahihi. Ingefanya kazi. Chumba kitupu hunyamaza kuliko msichana yeyote mwenye haya.

"Amesema asijibiwe," alimwambia.

"Hajibiwi. Ananyamaziwa."

"Na kama angesema hapana?"

"Angesema hapana kwa nini? Kijana ana kasoro gani?"

"Sijui. Ndicho anachokuja kukitazama."

"Mama Nusrat," Selemani alisema, na sauti sasa ilikuwa ya kuomba, "watu hawa wametoka Iringa. Nikisema leo kwamba nilikosea, nitakaaje dukani? Kila anayekuja kununua msumari ataniuliza saa."

Ufunguo wa chumba ulikuwa umefungwa kwenye pindo la khanga ya Jaha tangu jana, alipokwenda kutandika. Akatoka nao.

Pilau ikaliwa. Wageni walisifu, wakaongezewa, wakasifu tena. Ikaswaliwa alasiri. Kina mama wakapanga mstari kwenye ushoroba, wa Mbeya upande huu na wa Iringa upande ule, wakitupiana maneno matamu yenye miiba. "Bibi harusi wenu analala usingizi wa kifalme!" mmoja wa Iringa alisema. "Tumefika, tumekula, tumeswali, hata kikohozi hatujakisikia." Wa Mbeya wakajibu kwamba lulu haitembezwi na matenga ya nyanya. Damari alisimama mwisho wa mstari na kitambaa chake cha kanisani kichwani, mikono imekunjwa, akimwangalia Jaha tu.

Jaha alikuwa amesimama mbele ya mlango. Alijua aibu ni nini. Alizaliwa katika nyumba ambayo babu zake walikuja na biashara kutoka pwani, nyumba ambayo mtu angekufa na njaa kabla ya kuomba chumvi kwa jirani. Alijua kwamba neno atakalolisema litamfuata mumewe mpaka kaburini, na yeye pia, maana aibu ya mume huingia mpaka kwenye khanga ya mke. Pia alimwogopa Nusrat, kesho saa tatu, akishuka na begi lake na kumkuta mama yake amempaka hina kwa jibu ambalo hakulitoa.

Sheikh Ibrahimu alikuja na mashahidi wawili. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye pumzi fupi. Farhan alibaki sebuleni pamoja na wanaume, lakini shingo yake ilionekana imenyooka kuelekea ushorobani, anasikiliza.

"Yuko humu?" sheikh aliuliza.

"Ni chumba chake," Selemani alijibu haraka. Hata hapo alikuwa akipima maneno kwa milimita.

Sheikh akasogea, akagonga kwa kidole. "Nusrat binti Selemani. Baba yako ametaka kukuozesha kwa Farhan, kwa mahari mliyoafikiana. Je, umeridhia?"

Kimya. Mahali fulani nje kuku alilalamika.

"Nusrat binti Selemani. Umeridhia, mwanangu?"

Kimya kile kile. Mwanamke mmoja wa Iringa, aliyekuwa amevimbisha koo tangu mchana, alishindwa kujizuia, akapiga kigelegele. Wengine wakamfuata. Ushoroba ukawaka.

"Amenyamaza, sheikh," Selemani alisema juu ya zile kelele. Jasho lilimtoka kwenye baridi ile. "Ana haya. Amenyamaza. Twende tukaandike."

Sheikh Ibrahimu aliinua mkono mpaka vigelegele vikafa kimoja kimoja. "Kunyamaza ni idhini," alisema taratibu, "kwa aliyenisikia. Mama, wewe ndiye mzazi uliye karibu na mlango. Amenisikia?"

Watu wote wakamgeukia Jaha. Aliona uso wa mumewe, na ndani ya uso ule aliona kitu alichokuwa hajakiona kwa miaka: hofu ya kawaida, ya mtu wa chini, asiye na bawa hata moja.

"Sheikh," alisema, na sauti ilitoka ndogo, akaisukuma. "Mlango huu ungekuwa na masikio ningekwambia umekusikia."

"Mama Nusrat," Selemani alinong'ona, "utanivua nguo mbele ya watu."

"Ulijivua mwenyewe pale msikitini, baba. Mimi nakupa ya kujifunika kabla mwanao hajaja kukukuta."

Vidole vilikuwa baridi na fundo la khanga lilikuwa limekaza; ilimchukua muda kulifungua. Mjomba wa Farhan alikuwa ameshasimama kwenye kizingiti cha sebule, ulimi tayari mdomoni. Nyuma yake Farhan mwenyewe alijipenyeza, hakumtazama Selemani wala mjomba. Alimtazama Jaha.

"Mama," aliuliza, "yuko salama lakini?"

"Yuko salama, mwanangu. Yuko Dar. Anakuja kesho kukuona, kama utakuwepo."

Akazungusha ufunguo mara mbili, akausukuma mlango kwa bega kwa sababu mbao zilikuwa zimevimba na unyevu, na mlango ukafunguka mpaka ukagonga ukuta. Sheikh akainama kidogo kuchungulia, na mashahidi wake wawili wakitazama juu ya mabega yake, wakaona wote: chandarua kimefungwa juu, shuka jeupe limenyooka, na mto ambao hakuna kichwa kilichoulalia.